KUUTAFUTA WITO WETU KATIKATI YA MIAKA YA KAZI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wakristu na wageni, katika juma la Yubile ya miaka 50 ya parokia





Baba Paroko alituomba, sisi walei tunaofanya kazi shuleni, hospitalini, katika karakana, ofisini na sokoni, tuseme neno juu ya wito na kazi. Tulikusanyika jioni nyingi, tukazungumza, tukabishana, tukaomba pamoja. Haya tunayoyasoma leo ni matunda ya mazungumzo yale, na ndiyo sababu tutasema "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho.

Kila mwaka, Dominika ya nne ya Pasaka, Kanisa lote huomba kwa ajili ya miito. Siku hiyo tunawatazama vijana na kuwauliza: mwanangu, Bwana anakuita wapi? Desturi hii ni njema, na parokia yetu imeona matunda yake. Lakini baba wa miaka 43, aliyekwisha kufanya kazi miaka 20, na ambaye bado yuko na miaka 20 mingine mbele yake, nani anamwuliza? Watu hufikiri kwamba amekwisha kuitwa, amekwisha kuitika, na sasa imebaki kuvumilia tu mpaka siku ya pansioni. Sisi hatuamini hivyo. Tunaamini kwamba Bwana huita mara nyingi, na kwamba katikati ya miaka ya kazi sauti yake yataka kusikilizwa kwa uangalifu wa pekee. Juu ya wakati huo ndipo tunapenda kusema.

I. SAA SITA ZA MCHANA

Katika karne ya 4, watawa wengi waliishi katika majangwa ya Misri, kila mmoja katika chumba chake, wakisali na kufanya kazi za mikono. Mmoja wao, Evagrius Ponticus, aliyekufa mwaka 399, aliandika juu ya majaribu yanayomshika mtawa. Jaribu moja alilihesabu kuwa zito kupita mengine yote. Alilisema kuwa ni pepo wa mchana.

Pepo huyo, kufuatana na maandiko yake, huja kwenye saa nne na kumzunguka mtawa mpaka saa nane. Watu wa zamani zile walihesabu saa tangu macheo, sawasawa na sisi tunavyozihesabu katika Kiswahili. Basi hatuna shida ya kuelewa ni wakati gani. Jua limesimama juu ya kichwa. Mtawa huona kana kwamba siku ina saa 50. Hutoka nje kutazama kama saa tisa, saa ya chakula, imekaribia. Huanza kuchukia mahali anapokaa na kazi ya mikono yake. Hufikiri kwamba mapendo yamekwisha kati ya ndugu, na kwamba hakuna wa kumfariji. Kisha huona kwa mawazo mahali pengine, ambako kazi ni nyepesi na faida ni kubwa, na moyo wake husafiri huko.

Wandugu, nani kati yetu asiyemtambua pepo huyu? Mwalimu wa kalasi ya tatu ameandika jedwali lile lile la kuzidisha ubaoni kwa miaka 22; chaki imemwingia katika kifua, na watoto wa wanafunzi wake wa kwanza wameketi sasa mbele yake. Muuguzi wa zamu ya usiku anajua kila ufa wa ukuta wa chumba cha wagonjwa. Fundi wa magari anasikia ubovu wa mashine mbele ya kufungua kifuniko, na kujua huko, ambako zamani kulikuwa furaha yake, sasa hakumpi kitu. Mama muuza unga anapanga vipimo vyake mezani kama jana na juzi. Nanyi Mapadri wetu, mtuwie radhi tukisema: hata padri aliye na miaka 15 ya upadri aweza kuianza Misa ya asubuhi akitazama saa.

Asubuhi ya kazi ina ubaridi wake. Kijana ameajiriwa, mshahara wa kwanza ameupeleka kwa mama yake, kila jambo ni jipya. Jioni nayo ina pumziko lake, na heshima ya wazee. Lakini saa sita haina hili wala lile. Nguvu za asubuhi zimepungua, pumziko la jioni liko mbali, na juu ya mabega kuna watoto wa kusomesha, wazazi wa kutunza, kodi ya nyumba na matanga ya jamaa.

Tunataka kusema jambo moja la faraja. Uchovu huu hauwashiki wavivu. Mtu asiyefanya kazi hawezi kuchoshwa na kazi. Anayeufikia mchana ni yule aliyetembea tangu asubuhi. Kwa hiyo mwenye kuusikia uchovu huo asione haya. Asimfiche mke wake, wala padri wake, wala rafiki yake.

II. NAMNA YA KUZITAMBUA SAUTI MBILI

Hapa ndipo penye shida ya kweli, nasi tulibishana sana juu yake. Wengine kati yetu walisema: uchovu ni jaribu, inafaa kukaa mahali pako na kushika jembe lako. Wengine wakasema: hapana, mara nyingine uchovu ni ujumbe, Mungu anamwambia mtu aondoke. Wote walikuwa na haki. Evagrius aliwashauri watawa wasikimbie. Lakini Musa alikuwa akichunga kondoo za baba mkwe wake, tena kwa miaka mingi, Bwana alipomwita katika kichaka cha moto na kumtuma kwa Farao. Na Kitabu cha Kutoka chatuambia kwamba aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 80. Basi tutazitambuaje sauti hizi mbili?

Tuliona msaada katika maisha ya Mtakatifu Teresa wa Kalkuta. Alikuwa mwalimu wa wasichana katika mji ule kwa miaka 15. Alipenda kazi yake, akawekwa kuwa mkubwa wa shule. Tarehe 10 Septemba 1946, akiwa na miaka 36, alipanda gari la moshi kwenda Darjeeling kufanya mafungo, na humo njiani alisikia kwamba Yezu anamtaka awafuate maskini wa mitaani na kukaa kati yao. Yeye mwenyewe aliuita wito ndani ya wito. Tena, hakukimbia siku ile. Alimweleza padri wake na askofu wake, akangoja ruhusa karibu miaka miwili, akaendelea kufundisha. Mwaka 1948 ndipo alipotoka.

Tazameni tofauti. Mtawa wa jangwani alionyeshwa mahali: mahali pazuri, penye kazi nyepesi. Teresa alionyeshwa watu: watu wa mitaani, wenye njaa. Pepo wa mchana hutuonyesha mahali tutakapopumua. Bwana hutuonyesha mtu anayetungoja. Pepo hutuharakisha, anataka tuamue leo leo, kwa hasira. Bwana hana haraka, anakubali tuulize na tungoje. Hii ndiyo alama ya kwanza tunayowapa wakristu wenzetu. Mtu anapotaka kubadili kazi, ajiulize: je, moyoni mwangu naona kiti kipya, au naona uso wa mtu?

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wayezuiti, alitoa shauri linalokwenda pamoja na hilo: katika siku za giza na huzuni ya roho, mtu asibadili maazimio aliyoyafanya katika siku za amani. Angoje utulivu urudi, ndipo aamue. Ni shauri la mtu aliyejua kubadili njia. Alikuwa askari, mwaka 1521 alivunjwa mguu vitani huko Pamplona. Alipotaka kuwasaidia watu katika mambo ya roho, aliona kwamba hana masomo. Basi mwaka 1524, mtu mzima wa miaka 33, aliketi huko Barcelona pamoja na watoto kujifunza Kilatini tangu mwanzo. Tunawaomba wababa wanaoona haya kushika kalamu tena wamfikirie mtu huyu mwenye ndevu katikati ya watoto.

Hapa kwetu Kongo, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu alipitia njia iliyofanana na hiyo. Alipadrishwa mwaka 1958, na mwaka 1963, akiwa padri tayari, aliomba kuingia kwa Wayezuiti na kuanza tena kama novisi. Aliyekuwa akiitwa Baba alikubali kufundishwa kama mtoto. Kujishusha kule kulimwandaa kwa miaka ya mwisho wa maisha yake, alipowatetea raia na wakimbizi katikati ya vita, mpaka alipouawa tarehe 29 Oktoba 1996.

III. SHABA HAIONEKANI KATIKA JIWE

Vijana wengi hutuuliza: nitajuaje kazi ninayoipenda? Na watu wazima wengi husema kwa huzuni: mimi sikuwahi kupata kazi niliyoipenda, niliokota ile iliyokuwapo. Maneno haya mawili yanatoka katika wazo moja, kwamba mapendo ya kazi ni kitu kilichokwisha kutengenezwa, kinacholala njiani, na mwenye bahati hukiokota.

Sisi wana wa Katanga tungepashwa kujua vizuri zaidi. Wazee wetu walikuwa wayeyusha shaba mbele ya kampuni yoyote kuja hapa. Wakati wa kiangazi walichimba malakite, lile jiwe la kijani. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapanga makaa na mawe ndani yake, wakavuta mivukuto mchana na usiku. Kutoka humo walipata shaba nyekundu, wakaimimina katika umbo la msalaba mdogo, ambao ulitumika kama feza na kama mali ya kuolea. Mtu asiyejua akiliangalia jiwe la kijani hatadhani kwamba ndani yake mna metali nyekundu. Haionekani. Yatoka kwa moto, na kwa mikono inayovuta mivukuto pamoja.

Ndivyo ilivyo kwa kazi zetu nyingi. Tulizipata kama jiwe: baba alikuwa mwalimu, shule ya uuguzi ilikuwa karibu, mjomba alikuwa na nafasi katika karakana yake. Mapendo yalikuja baadaye, na yalikuja kwa njia ya watu tuliowatumikia. Mwalimu mmoja katika mazungumzo yetu alisema kwamba hakuupenda ualimu mpaka mwaka wa saba, alipomsaidia mtoto mmoja kigugumizi kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Tangu siku ile alianza kuwatafuta watoto wenye shida ya kusoma katika kila kalasi, na sasa walimu wengine humpelekea wao. Kazi ni ile ile, shule ni ile ile. Ameona uso ndani ya kazi yake.

Hata kazi ya karatasi na muhuri ina watu ndani yake. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Alikuwa mfanyakazi wa serikali kwenye mpaka, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha ubora wa vyakula vinavyoingia nchini. Mwaka 2007 alikataa rushwa na hakuruhusu chakula kilichooza kipite, maana aliwafikiria watu ambao wangekila. Kwa ajili hiyo aliuawa Julai ya mwaka ule, akiwa na miaka 26. Ni wangapi wameona katika kazi kama yake magunia na hati tu? Yeye aliona sahani za maskini.

Na Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, ndugu yetu wa Kanisa la Kipentekoste, atufundishe pia, kwa maana yeye ni mfano wazi wa mtu aliyekua katikati ya kazi yake. Alizaliwa mwaka 1955, mwana wa mchungaji. Alisomea uganga Bujumbura akiwa na nia ya kuwatibu watoto. Alipofika kazini katika hospitali ya Lemera, katika milima ya Kivu ya Kusini, aliwaona wanawake waliofika wakiwa karibu kufa kwa sababu ya uzazi. Nyuso hizo zilibadili nia yake: alikwenda Ufaransa, katika mji wa Angers, kujifunza uganga wa wanawake, kisha akarudi Lemera. Mwaka 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa na wagonjwa waliuawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu, akikusudia kwamba akina mama wazae salama. Lakini mwanamke wa kwanza aliyemtibu pale hakuja kuzaa. Alikuwa amebakwa na kujeruhiwa vibaya. Wakafuata wengine, maelfu. Daktari alikuwa na miaka 44. Kwa ajili yao ilimpasa kujifunza kazi ambayo hakuikusudia: kutengeneza miili iliyoharibiwa kwa ukatili, na kusema mbele ya mataifa. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Mara mbili alibadili njia, na mara mbili aliyembadilisha alikuwa mgonjwa aliyelala mbele yake.

IV. KAZI INAPOONDOLEWA

Hatuwezi kusema juu ya jambo hili katika nchi ya migodi bila kuwakumbuka wale ambao saa sita yao ilikuja pamoja na kupoteza kazi.

Kampuni kubwa ya shaba, iliyoanzishwa mwaka 1906 kwa jina la Union Minière na kuchukuliwa na serikali mwaka 1967, ile tunayoiita Gécamines, ilikuwa kwa wazazi wetu zaidi ya mahali pa kazi. Ilitoa nyumba katika kambi, shule, hospitali na posho. Watu walisema kwamba kazi ni baba na mama. Katika miaka ya 1980 migodi yake ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Nchi ikaingia katika machafuko. Na katikati ya miaka ya 1990 shaba hiyo haikufika hata tani 50,000. Kuanzia mwaka 2003, katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa na miaka 20 au 25 ya kazi.

Wengine waliugua kwa huzuni; tuliwazika. Watoto wengine waliacha shule. Tusiwahukumu hata kidogo walioanguka. Kumwambia mtu aliyepoteza mkate wake kwamba amepata nafasi ya kujitafuta ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Lakini haki yataka tuseme pia lile tuliloliona kwa macho yetu. Mchomeleaji aliyekuwa akishona mabomba makubwa alianza uani kwake kutengeneza mbabula na milango. Leo amewafundisha vijana ambao nao wana karakana zao. Fundi wa umeme amezunguka mtaa mzima akirekebisha nyaya zilizounguza nyumba. Mama wa fundi mmoja, ambaye hakuwahi kufanya kazi nje ya nyumba, alilima mahindi, akauza unga, akalipa masomo ya watoto wanane, na alipofika miaka 50 ndipo alipojua kwamba Mungu amempa kichwa cha biashara. Kampuni iliweza kuwachukua tena nyumba na posho. Ujuzi wa mikono haikuweza kuuchukua, wala watu waliouhitaji ujuzi huo hawakuondoka. Mlango wa jirani ulikuwa bado umevunjika.

Hapo tulielewa kwamba wito na ajira ni vitu viwili. Ajira hutolewa na mwajiri, naye aweza kuifuta. Wito unakaa kati ya uwezo wangu na shida ya ndugu yangu.

Twajua kwamba mtu atauliza: je, wito unajaza sufuria? Swali hili ni la haki, na tusilijibu kwa sala peke yake. Tangu barua ya Papa Leo wa 13 ya mwaka 1891, na ile ya Papa Yoane Paulo wa 2 juu ya kazi ya mwaka 1981, Kanisa halikuchoka kufundisha kwamba kazi iko kwa ajili ya mtu, na kwamba mshahara unapashwa kumlisha mfanyakazi pamoja na jamaa yake. Tangu Septemba 2019, elimu ya shule za msingi ilipoanza kutolewa bila malipo, watoto wamejaa katika makalasi, nasi twamshukuru Mungu kwa kila mmoja wao. Lakini mwalimu anayesimama mbele ya watoto hao wote hawezi kuambiwa kwamba ualimu ni wito ili mshahara wake usahauliwe. Mwenye kulitumia neno la wito ili kumnyima mfanyakazi haki yake analiharibu neno takatifu.

V. MAMBO MATATU YA YUBILE

Kitabu cha Walawi, sura ya 25, chaeleza mwaka wa 50 ulivyoadhimishwa. Tarumbeta ilipigwa, na mambo matatu yalifanyika: shamba lilipumzishwa, kila mtu alirudi katika urithi wa jamaa yake, na waliokuwa watumwa walifunguliwa. Tunafikiri kwamba kila mfanyakazi aweza kufanya yubile yake mwenyewe katikati ya miaka yake, kwa mambo haya haya matatu.

Jambo la kwanza: kulipumzisha shamba. Udongo uliolimwa mahindi miaka mingi bila kupumzika huchoka, na mkulima mwenye akili hausemi kuwa ni mbaya. Huuacha, au hupanda maharage. Mtu naye ni udongo. Wengi wetu hatuwezi kuchukua likizo ndefu. Lakini Dominika ni yetu. Baba anayefungua karakana hata siku ya Bwana, mwaka hata mwaka, asishangae moyo wake ukikauka. Kila mmoja ajitafutie pia nusu siku katika mwezi kwa kukaa kimya, na kuzungumza na mtu mwenye hekima.

Jambo la pili: kurudi katika urithi. Kabla ya kutafuta kitu kipya, mtu akumbuke alichopewa. Achukue karatasi, aandike majibu ya maswali haya: Ni kazi gani niliyokuwa nikifanya bila kuhesabu saa? Watu huja kuniomba msaada wa nini, hata bila malipo? Ni shida gani ya watu inayoniumiza kuliko inavyowaumiza wenzangu? Kisha amwonyeshe mke wake, au mume wake, maana mwenzetu hutuona vizuri kupita tunavyojiona. Mara nyingi jibu halimpeleki mtu mbali. Muuguzi ataona kwamba urithi wake ni kuwasindikiza wanaokufa, na ataomba kufanya kazi katika chumba kile ambacho wengine wanakikwepa. Mwingine ataona kweli kwamba inafaa kuondoka. Basi na aondoke kwa amani, akiwa amelipa madeni yake, amejifunza ufundi mpya jioni, na jamaa yake imekubali.

Jambo la tatu: kuwafungua wengine. Dawa kubwa ya mchana tuliyoiona ni kufundisha. Mtu wa miaka 45 anayeficha ujuzi wake kwa hofu ya kijana atakayemwondoa, huyo amejifunga mwenyewe. Yule anayemwita kijana karibu na kumwambia, "Shika, mwanangu, ujaribu," huanza kuiona tena kazi yake kwa macho ya asubuhi. Maswali ya mwanafunzi humlazimisha afikiri juu ya mambo aliyokwisha kuyafanya kama mashine. Kwa njia hiyo wote wawili hufunguliwa: kijana kutoka katika ujinga, mwalimu wake kutoka katika uchovu.

VI. OMBI LETU KWA PAROKIA

Tunamaliza kwa ombi, mbele ya Baba Askofu na wageni wetu wote. Parokia hii imetimiza miaka 50. Kwa hesabu ya watu, iko katika mchana wake: waanzilishi wengi wamelala, na wajukuu hawajashika usukani. Nayo yaweza kushikwa na pepo wa saa sita, ikarudia nyimbo na sikukuu zake kwa desturi tu. Tunaomba kwamba ukumbusho wa Yubile hii usiwe ukuta wa mawe peke yake. Baraza la parokia liweke jioni moja katika juma, katika makalasi ya shule yetu, ambapo mafundi, wauguzi, walimu na wakulima walio katikati ya miaka yao watawafundisha vijana wasio na kazi, na ambapo mtu mzima aliyepoteza kazi aweza kuketi pia, bila haya, na kuanza tena. Sisi tuliosoma hotuba hii tunajitoa kuwa wa kwanza. Majina yetu tumekwisha kumpa Baba Paroko, na jioni tuliyoichagua ni Jumatano. Tunaomba tu makalasi mawili, na taa.

Nanyi wababa na wamama mnaosikia jua likiwaunguza kichwani: msikimbie upesi, wala msikae kama mti uliokauka. Inueni macho, mtazame ni nani anayesimama mbele yenu. Mwana wa Mungu mwenyewe alishika randa na msumeno huko Nazareti miaka mingi, bila mtu kumtambua. Na ilikuwa yapata saa sita ya mchana, amechoka kwa safari, ameketi kando ya kisima cha Yakobo, alipomwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Uchovu wake haukumzuia kumwona mwanamke yule, na kutokana na mazungumzo yao mji mzima ulipata habari njema.

Mtakatifu Yosefu, mfanyakazi, atuombee. Mwenye Heri Anuarite na Mwenye Heri Floribert watuombee. Mungu aibariki mikono yenu, na awape wote Yubile yenye furaha. Amina.